Mzee Anatetemeka, Bibi Anasahau: Kwa Nini?



Mwezi huu sitakueleza habari za mbegu za viazi wala za dawa ya kupe. Nataka tuzungumze habari za wazee wetu, maana katika mashamba haya ya makazi wapo wengi, na kila mwaka wanazidi. Mtu aliyepewa shamba lake mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 30, sasa amepita miaka 90. Mara nyingi yeye mwenyewe amekwisha kufariki, na aliyebaki ni mjane wake. Mama huyo ndiye mwenye kutunza hati ya shamba, ndiye ajuaye mahali lilipo jiwe la mpaka, na ndiye atakayeulizwa siku watoto watakapogawana. Kwa hiyo akili ya mzee ni sehemu ya mali ya shamba lako, kama ng'ombe na kisima.

Nianze kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Zamani nilisomea ualimu, na watu wa hapa wangali wakiniita mwalimu. Kazi yangu moja ni kuangalia saini katika daftari wakulima wanapokuja kuchukua mbegu. Mwaka mmoja alikuja mzee wa heshima wa upande wetu, ambaye mwandiko wake niliujua vizuri, maana ulikuwa mkubwa na ulionyooka kama mistari ya jembe la trekta. Siku hiyo alianza vema, lakini kila herufi ikawa ndogo kuliko ile iliyoitangulia, hata mwisho wa jina lake ukawa kama nyayo za sisimizi. Nikamwambia, "Mzee, hii si saini yako." Akanijibu kwa sauti ndogo, na uso wake haukubadilika hata kidogo, "Mwalimu, mkono ni wangu, lakini haunisikii." Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mmoja akasema ya kuwa mzee amekwisha kupata kikombe asubuhi. Nami nikamrudisha nyumbani bila mbegu.

Sikujua ya kuwa mwandiko unaopungua namna ile, na sauti inayofifia, na uso usioonyesha furaha wala hasira, zote ni dalili za ugonjwa mmoja. Mtu yule hakuwa mlevi wala mdanganyifu. Alikuwa mgonjwa, na mimi niliyesomea kufundisha wengine kuandika sikuweza kuusoma mwandiko wake.

Magonjwa mawili

Ugonjwa wa mzee yule unaitwa Parkinson, kwa jina la daktari James Parkinson wa London aliyeueleza katika kitabu kidogo mwaka 1817. Katika kitabu hicho alieleza habari za watu sita. Wote sita walikuwa wanaume, na wa kwanza wao alikuwa mtunza bustani.

Ugonjwa wa pili ni Alzheimer, ulio wa kwanza kwa wingi katika magonjwa ya kusahau uzeeni. Nao umechukua jina la daktari, Alois Alzheimer wa Ujerumani, aliyeueleza mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke, aliyeingizwa hospitali mjini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51 tu. Alipoambiwa aandike jina lake alianza, kisha akasahau yaliyobaki.

Watu sita na mtu mmoja hawatoshi kuthibitisha neno lolote. Mkulima hapimi shamba zima kwa kuchimba shina moja la viazi. Lakini tangu siku hizo watu wengi sana wamehesabiwa, na hesabu imekwenda upande ule ule. Katika Marekani, kwa kila wagonjwa watatu wa Alzheimer, wawili ni wanawake. Katika Parkinson mambo yamegeuka: wanaume wanaopatwa ni kama mara moja na nusu ya wanawake. Kuna na ugonjwa mwingine, wa mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, ambao huudhoofisha mwili mpaka mtu ashindwe kumeza na kupumua. Huo nao huwashika wanaume zaidi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu kama milioni 57 waliokuwa na magonjwa ya kusahau mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri.

Magonjwa haya yote yana asili moja kwa namna fulani, nayo ni kwamba chembe za ubongo zinakufa kidogo kidogo, wala hazioti tena. Katika Parkinson zinazokufa ni chembe zinazotengeneza dawa ya mwili iitwayo dopamini, ambayo bila hiyo mikono na miguu haipokei amri upesi. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya chembe hizo imekwisha kwenda. Katika Alzheimer uchafu wa protini hujikusanya kati ya chembe na ndani yake, na pahali panapoharibika mapema ni pale panapotunza mambo mapya. Ndiyo sababu bibi anakumbuka jina la ng'ombe wa mwaka 1958 lakini hakumbuki kama amekunywa chai leo.

Kwa nini wanawake husahau zaidi?

Pengine utajibu, "Ni kwa sababu wanawake huishi miaka mingi kuliko wanaume." Umesema kweli, na hiyo ndiyo sababu kubwa. Uzee ndio mlango wa ugonjwa huu, na wanawake ndio wanaoufikia kwa wingi. Lakini wataalamu wengi wanaona ya kuwa hiyo si sababu yote.

Mwili wa mwanamke una homoni iitwayo estrojeni, ambayo pamoja na kazi zake nyingine husaidia ubongo kutumia chakula chake. Hedhi inapokoma homoni hiyo hupungua sana. Halafu kuna urithi wa damu uitwao APOE4, ambao humwongezea mtu hatari ya Alzheimer, na katika uchunguzi mwingi umeonekana kumwelemea mwanamke kuliko mwanamume. Usikimbilie kununua vidonge vya homoni kwa sababu ya maneno haya! Mwaka 2003 huko Marekani ilionekana ya kuwa wanawake wa miaka 65 na zaidi waliopewa homoni mbili pamoja walipata magonjwa ya kusahau mara mbili kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Hayo ni ya mwili. Yako na mengine ambayo hayakutoka katika mwili bali katika desturi zetu, na hayo yatupasa kuyatazama bila kujificha. Mtu aliyesoma shule utotoni huchelewa kupata ugonjwa huu, kama ghala lililojaa linavyochelewa kwisha. Sasa fikiri, katika watu waliokuwa watoto miaka ya 1940 hapa kwetu, ni nani aliyepelekwa shule na ni nani aliyebaki kuchota maji? Tena moshi unaharibu ubongo pia, na jikoni mwenye kukaa karibu na moshi wa kuni miaka 60 si baba. Mwaka 2024 wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet la Uingereza walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, wakasema ya kuwa kama yote yangeondolewa, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeepushwa au kucheleweshwa. Elimu kidogo imo, na hewa chafu imo. Mengine ni shinikizo la damu, ugonjwa wa sukari, kutosikia, kutoona, kuumia kichwa, tumbaku, ulevi, na kukaa peke yako.

Mama mkubwa na mtamba aliyeuzwa mara mbili

Nitakueleza habari za mama yangu mkubwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikubali zamani, siku akili yake ilipokuwa ikirudi vizuri, kwamba habari zake ziwafae wengine. Alikuwa mjane katika shamba la eka 15, na katika ukoo wetu hakuna aliyemshinda kwa maneno. Ukimtembelea alikuuliza habari za watu wote wa nyumbani kwako, akakuchekesha, akakutilia chai. Nani angedhani ana ugonjwa? Kisha ikaonekana ya kuwa amemwuza mtamba mmoja kwa majirani wawili, na amepokea pesa za awali kwa wote wawili. Ikawa vita. Wakasema mama amekuwa na tamaa uzeeni.

Madaktari wanalijua jambo hili. Wanawake kwa kawaida huwashinda wanaume katika kukumbuka maneno, na nguvu hiyo hubaki nao hata ugonjwa unapokwisha kuingia. Kwa hiyo mwanamke hujibu vizuri maswali ya daktari, na hufaulu mpaka siku ukuta unapoanguka wote kwa mara moja. Usimpime mama yako kwa uhodari wa mazungumzo. Mpime kwa kazi. Je, anaweza bado kuhesabu pesa za maziwa? Anajua chumvi ametia mara ngapi? Amepotea njia aliyoipita miaka 40?

Baadaye mama mkubwa akaanza kutoka usiku. Alikuwa akienda kukamua ng'ombe wa Mzungu, katika boma lililobomolewa kabla mimi sijazaliwa. Alfajiri moja alikutwa amesimama uani kwa jirani, na hapo ndipo neno baya likaanza kunong'onwa. Unalijua neno hilo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani katika Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na watu kwa kutuhumiwa uchawi. Ajuza anayetembea gizani akiongea peke yake anahitaji kushikwa mkono na kurudishwa kitandani. Ukimwona wa jirani yako, piga simu kwa watoto wake kabla hujamwita mtu mwingine.

Tulipompeleka hospitali walimpima damu kwanza, na hii yafaa uijue. Si kila kusahau ni Alzheimer. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, ambayo huwapata wanawake zaidi, humfanya mtu mzito wa akili. Upungufu wa vitamini B12, huzuni kubwa baada ya kufiwa, kaswende ya zamani, virusi vya UKIMWI, hata ugonjwa wa mkojo kwa mzee, yote yanaweza kuonekana kama ugonjwa wa kusahau, na yote yana dawa. Asiyepelekwa hapimwi.

Kwa nini wanaume hutetemeka zaidi?

Turudi kwa mzee wa saini. Kwa upande wa mwili, inadhaniwa ya kuwa ile estrojeni huzikinga pia chembe za dopamini kwa mwanamke, ndiyo maana ugonjwa humfikia nyuma kidogo. Lakini kuna upande wa kazi, na hapa, ndugu mkulima, weka kikombe chini usome pole pole.

Mwaka 1982 huko California vijana kadhaa walijidunga sindano za madawa ya kulevya yaliyotengenezwa vibaya. Kwa siku chache wakakauka kama wazee wenye Parkinson. Ndani ya dawa ile kulikuwa na kitu kiitwacho MPTP, na kile kinachogeuka kuwa mwilini kinafanana kwa umbo na dawa ya kuua magugu iitwayo parakwati. Hapo wataalamu wakawageukia wakulima. Mwaka 2011 uchunguzi wa Marekani ulionyesha ya kuwa wakulima na wanyunyizaji waliotumia parakwati au rotenoni walikuwa na Parkinson kama mara mbili na nusu ya wale wasiozitumia. Katika bonde la California, waliokaa karibu na mashamba yaliyonyunyizwa parakwati pamoja na manebu, dawa ya ukungu, nao walionekana katika hatari zaidi. Mankozebu ambayo wengi wetu tunaipiga kwenye viazi ni ya ukoo mmoja na manebu. Jumuiya ya Ulaya iliondoa parakwati mwaka 2007. Mwaka 2012 Ufaransa iliandika Parkinson katika orodha ya magonjwa ya kazi kwa wakulima waliotumia dawa za shamba.

Sikuambii ya kuwa kila abebaye pampu atatetemeka. Wengi hawapatwi. Wala sikuambii uache viazi viungue kwa ukungu. Lakini ni nani huibeba pampu mgongoni katika mashamba yetu? Mara nyingi ni mwanamume, bila glavu, shati limelowa, na mdomo ukipulizwa sasa hivi kwenye tundu lililoziba. Usipulize kwa mdomo kamwe! Vaa glavu, gambuti na kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Nyunyiza upepo ukiwa nyuma yako. Oga kwa sabuni kabla ya kula. Usihifadhi dawa katika chupa ya soda. Muulize afisa wa kilimo kama dawa unayouziwa ingali imeruhusiwa na Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, maana orodha hubadilika.

Na usidhani mama amesalimika. Ni nani achotaye maji ya kuchanganyia? Ni nani afuaye lile shati, mara nyingi ndani ya karai moja na nguo za mtoto? Ni nani aingiaye kupalilia kesho yake asubuhi? Nguo za kunyunyizia zifuliwe peke yake, na yafaa azifue yule aliyezivaa.

Dawa ya Parkinson ipo, iitwayo levodopa, ambayo imetumika tangu miaka ya 1960. Haiponyi, lakini hufungua viungo. Imezwe kama nusu saa kabla ya chakula, kwa kuwa nyama, maziwa na maharagwe huizuia kuingia katika damu. Mwanamke mwembamba akipewa kiasi kile kile cha mwanamume mzito, aweza kuanza kuchezacheza mwili bila kupenda. Basi na amwambie daktari, asiache dawa. Na hapa nina kisa kidogo cha kilimo. Levodopa ilitolewa kwanza katika mbegu za mimea ya jamii ya kunde mwaka 1913, na tena imo kwa wingi katika mbegu za upupu, ndugu yake yule mmea usiowasha ambao hupandwa kurutubisha udongo. Hata hivyo usimpikie mzee mbegu hizo. Kipimo chake hakijulikani sufuriani.

Shamba na mtunzaji

Ukiona mzee ameanza kusahau, fanyeni mkutano wa nyumba mapema, wakati angali anaweza kusema analotaka. Shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya Bodi ya Ardhi, na tangu sheria ya mwaka 2013 nyumba ya mume na mke haiuzwi bila wote wawili kukubali. Tena mahakama yaweza kumweka mtu wa kusimamia mali ya mgonjwa asiyeweza kujisimamia. Mweleze chifu habari hizi kabla ya wanunuzi kumjua bibi. Ninyi mliozaa na kuzaliwa katika shamba hilo, msimtie mzee kidole katika wino wakati hajui leo ni siku gani.

Jambo la mwisho ndilo gumu kulisema kwa wanaume wenzangu. Shirika la Afya Duniani linasema ya kuwa katika saa zote za kuwatunza wagonjwa wa kusahau, 70 katika kila 100 hutolewa na wanawake. Basi mwanamke huchukua mara mbili: yeye hupatwa zaidi, na yeye hutunza zaidi. Mume akiugua, mke yupo. Mke akiugua, mara nyingi mume amekwisha kufa, au yupo naye hajui hata sufuria ziko wapi. Kwetu mzigo wa mama mkubwa ulimwangukia mke wa mwanawe wa pili. Alikuwa akilala saa tatu, akikamua saa kumi na moja, na maziwa ya shamba lile yakapungua kwa sababu mkamuaji alikuwa anasinzia. Hakuna aliyeona uhusiano mpaka daktari alipouliza.

Siku hizi wana watatu wamegawana usiku. Mkubwa alichukua Jumanne na Ijumaa. Usiku wake wa kwanza alimwamsha mkewe mara nne kuuliza blanketi la pili liko wapi na uji upashwe vipi. Usiku wa tano hakumwamsha.

Na yule mzee wa saini? Binti yake alimpeleka hospitali ya kaunti, akapewa vidonge. Msimu uliofuata nilimwona kwenye foleni, nikamtolea kiti, nikamwambia, "Mzee, usiharakishe." Aliandika kwa muda mrefu, na herufi zilikuwa ndogo bado. Karani mpya akainama kuniambia ya kuwa saini hailingani na ya zamani. Nikafungua ukurasa wa mwaka ule, nikamwonyesha jina nililolikata kwa wino mwekundu, kisha nikampa mzee mifuko yake ya mbegu.